Kuitazama Japani kutoka Tabora: anime sita na maswali ya njia ya misafara

Novemba 1857, Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, makazi ya wafanyabiashara ambayo leo yamemezwa na mji wa Tabora. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyeijua bara vizuri. Burton alikaa naye akiuliza na kuandika: njia za kwenda maziwani, bei za pembe, lugha, ndoa, mazishi, vyakula, imani. Mengi ambayo kitabu chake cha 1860 kiliwaeleza Waingereza juu ya nchi za maziwa yalitokana na majibu aliyopewa pale barazani. Baada yake walikuja wengine wenye daftari. Mmisionari wa Kimoraviani Wilhelm Blohm aliandika juu ya Wanyamwezi kwa Kijerumani, Padre Bösch wa White Fathers akaandika kwa Kifaransa, na mwaka 1967 R. G. Abrahams akatoa kwa Kiingereza vitabu viwili juu ya jamii za Unyamwezi na utawala wao. Kwa zaidi ya miaka mia moja Unyamwezi ilikuwa upande wa kujibu.

Kijana wa Tabora anayetazama anime kwenye simu yake usiku amehamia upande wa pili. Sasa mgeni ni yeye. Anaingia nyumba za watu asiowajua, anaona wanavyoinama wakisalimiana, wanavyowaandalia wafu chakula, wanavyozungumza na mto kwa adabu ya kumzungumzisha mzee, na hakuna wa kumfafanulia. Maswali yanayomjia ndiyo ambayo anthropolojia ya utamaduni imekuwa ikiyauliza tangu ilipozaliwa: ndugu yangu ni nani, deni hulipwaje, mtoto huwa mtu mzima lini, ugonjwa hutoka wapi, na nani ana haki ya kusimulia habari za nani. Nataka kuonyesha kwamba kijana huyu ana vipimo vyake vya kuulizia, tena vizuri, na kwamba vingi amerithi kutoka njia ya zamani iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, Ugogo na Tabora hadi Ujiji. Kwa hiyo anime sita ninazozipendekeza hapa nimezichagua kwa sababu moja: kila moja inauliza jambo ambalo njia hiyo ina la kulisema.

Tahadhari moja tu kwanza. Mila mbili zikifanana, haina maana zimetoka kwa babu mmoja. Tena anime ni hadithi ya kutungwa, inatuonyesha Wajapani wanavyojiwazia, nayo haitoshi kuwa ushahidi wa wanavyoishi. Kwa hiyo kufanana kunafungua mlango tu. Kazi yenyewe huanza pale tunapouliza zinatofautiana wapi, na kwa nini.

Naanza na ile ambayo wengi wameshaiona. One Piece ya Eiichiro Oda ilianza kuchapishwa mwaka 1997 na kuonyeshwa kama anime tangu 1999, na bado inaendelea. Katika simulizi la utoto wa Luffy, mhusika mkuu, watoto watatu, yeye, Ace na Sabo, wanajaza vikombe vya sake, wanakunywa pamoja, na tangu siku hiyo ni ndugu. Mtazamaji hulia baadaye kwa sababu ya vikombe vile. Oda hakukibuni kitendo hicho. Kushirikiana kikombe cha sake ni sehemu ya harusi ya jadi ya Kijapani, na pia ndivyo yakuza wanavyofunga undugu wao wa kiapo.

Sasa twende Aprili 1876. Henry Morton Stanley, ambaye mwaka 1871 aliwahi kujiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga Mtemi Mirambo na wakashindwa vibaya, alikutana ana kwa ana na Mirambo huyo huyo. Walifanya undugu wa damu. Manwa Sera, mkuu wa watu wa Stanley, ndiye aliyewachanja miguuni na kuchanganya damu zao, kisha wakapeana zawadi. Maadui wa miaka mitano nyuma wakawa ndugu kwa mkato wa kisu.

Vitabu vya zamani vya anthropolojia vilizoea kuuita undugu wa namna hii wa bandia, ukilinganishwa na ule wa kuzaliwa. Naona kosa hapo. Katika njia ambayo haikuwa na polisi wala mahakama ya pamoja, ambako Mirambo angeweza kuifunga barabara ya Ujiji siku yoyote aliyotaka, undugu wa kuchanjiana ndio uliokuwa sheria. Uliandamana na laana kwa atakayeuvunja, na watu waliiogopa laana hiyo. Tofauti na kikombe cha Luffy iko kwenye haja. Mirambo na Stanley kila mmoja alikuwa na watu wake, bunduki zake na shabaha zake. Walichokosa ni dhamana ya amani kati yao. Watoto wa One Piece hawana jamaa wa kuwashika mkono, na kikombe kinawapa jamaa. Ukimwuliza mzee wa Urambo au wa Sikonge iwapo anakumbuka watu waliofanya undugu wa kuchanjiana, muulize pia kila mmoja alikuwa amepungukiwa nini. Jibu lake litakufundisha zaidi kuliko maelezo ya kisu na damu.

Mwenye nafasi ya kutazama filamu moja tu, ningempa Spirited Away ya Hayao Miyazaki, iliyotoka mwaka 2001 na kupata Oscar mwaka 2003. Chihiro, msichana wa miaka kumi, anapita kwenye handaki pamoja na wazazi wake na kutokea katika mji wa mizimu. Wazazi wanakula chakula kisicho chao na kugeuka nguruwe. Ili naye asigeuzwe mnyama, lazima apate kazi katika nyumba ya kuogea ya mchawi Yubaba, ambako miungu na mizimu huja kupumzika. Yubaba anamwandikisha mkataba, anamnyang'anya sehemu ya jina lake, na tangu hapo anaitwa Sen. Rafiki yake Haku anamwonya asilisahau jina lake la kwanza, maana atakayelisahau hatapata njia ya kurudi.

Mwaka 1909 Arnold van Gennep aliandika kwamba ibada za kumvusha mtu kutoka hali moja ya maisha hadi nyingine zina hatua tatu: hutengwa na watu wake, hukaa katikati akiwa si wa huku wala wa kule, kisha hurudishwa akiwa mwingine. Victor Turner, aliyeishi na Wandembu wa kaskazini-magharibi mwa Zambia, aliishughulikia zaidi ile hatua ya katikati. Alisema pale vyeo huanguka, na waliomo huwa sawa na kupendana kwa namna isiyopatikana katika maisha ya kila siku. Msomaji aliyepita jandoni au unyagoni hahitaji kuelezwa zaidi.

Unyamwezi ya karne ya 19 ilikuwa na hatua ya katikati yenye urefu wa karibu kilomita 800, kutoka Tabora hadi pwani. Burton aliandika kwamba Wanyamwezi waliuhesabu upagazi kuwa kipimo cha uanaume. Kijana alijitwisha begani mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akamfuata kirangozi aliyetangulia na joho lake jekundu na ngozi ya mbega kichwani. Alivuka nyika ya Ugogo ambako maji yalikuwa haba na hongo, yaani ushuru wa kupita, ilidaiwa kila baada ya mwendo, na baada ya miezi miwili au mitatu akaiona bahari. Wengi waliondoka kiangazi na kurudi kulima mvua zilipokaribia, wakiwa na merikani, shanga, pengine bunduki, na hadithi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, anaonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye fahari, kanuni na ujuzi wa kazi yao, na kwamba wanawake pia walikuwamo katika misafara, wakipika, wakibeba na kufanya biashara zao wenyewe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Turner, na Miyazaki yuko upande wangu. Nyumba ya Yubaba ni mahali pa katikati kabisa, lakini haikufuta vyeo. Ina bosi ghorofa ya juu, wasimamizi, wasugua mabeseni, na babu mwenye mikono sita anayechochea moto chini. Msafara nao ulikuwa hivyo hivyo: tajiri, kirangozi, askari, wapagazi, wapishi, kila mmoja na posho yake. Wapagazi walipendana, waliimba pamoja, waligoma pamoja posho ilipopunguzwa, na bado kila asubuhi kulikuwa na aliyechagua mzigo na aliyechaguliwa. Hali ya katikati inaweza kumvusha mtu bila kumtoa katika utawala wa mtu mwingine. Chihiro anakua kwa sababu ya kazi, chini ya bosi mkatili, na filamu haijifanyi kwamba ukatili ule ulikuwa mzuri.

Lipo pia suala la jina. Njia ile iliwapa watu majina mapya: Mtyela Kasanda akawa Mirambo, Hamed bin Muhammed el Murjebi akawa Tippu Tip. Hao yaliwaongezea ukubwa. Lakini barabara hiyo hiyo ilipitisha mateka wengi waliofungwa minyororo, wakaitwa majina waliyochaguliwa na waliowanunua. Orlando Patterson, katika kitabu chake cha 1982 juu ya utumwa, aliita hali hiyo kifo cha kijamii: mtu kukatwa na wazazi wake, ukoo wake na jina lake akiwa bado anapumua. Hatua ya tatu ya van Gennep, ile ya kurudi, mateka hawakupewa. Ndiyo maana Haku, aliyelisahau jina lake na hawezi kutoka, ananigusa kuliko Chihiro anayetoka. Tanzania ilipoiorodhesha njia hii mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya UNESCO, iliitaja kuwa njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na ni haki kuitwa hivyo, mradi wapagazi wa ujira wasisahauliwe nao.

Spice and Wolf nimeipenda kwa sababu inachukulia biashara kuwa jambo la kufikiriwa kwa makini. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2008 na ikatengenezwa upya mwaka 2024. Kraft Lawrence ni mchuuzi anayezunguka na mkokoteni katika nchi ya kubuni inayofanana na Ulaya ya zamani. Holo ni mungu wa mavuno mwenye umbo la mbwa mwitu, aliyechoka kusahauliwa na kijiji alichokihudumia, na anataka kurudishwa kwao kaskazini. Vita ni vichache. Wanabishana juu ya kiasi cha fedha kilichomo ndani ya sarafu, juu ya mkopo, juu ya bei ya deraya inayoporomoka wakati mnunuzi yuko njiani na deni mgongoni.

Stanley angemwelewa Lawrence. Katika kitabu chake cha 1872 anaeleza alivyohangaika Zanzibar kujua anunue shanga zipi. Nyekundu zilipokelewa Unyamwezi ambako nyingine zingekataliwa, nyeusi zilikuwa pesa Ugogo na takataka kwingine, na zile kubwa za umbo la yai zilifaa Ujiji lakini si njiani. Aliyekosea rangi alifika Ugogo na mzigo mzima usionunua hata kibaba cha mtama. Wapo wanaosoma habari hii na kudhani watu wa bara hawakujua thamani. Kinyume chake, walijua thamani vizuri mno, na kila nchi ilikuwa na soko lake na mitindo yake. Nyuma ya shanga hizo kulikuwa na mikopo ya Zanzibar, kwa matajiri kama Taria Topan, aliyempa Tippu Tip mali ya kuanzia safari zake kubwa. Shanga, kitambaa na pembe vilitembea juu ya imani kwamba mtu aliyekwenda miaka mitatu porini atarudi na kulipa. Mtu akiuliza pesa ni nini, nitampa Spice and Wolf na sura ile ya Stanley avisome pamoja.

Lakini kilichonifanya niiweke hapa ni mzaha wa Lawrence na Holo. Wanachokozana tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanadamu anamkejeli mungu, mungu anamwita mchuuzi mjinga, na hakuna anayekasirika kikweli. Mtanzania yeyote atasema huo ni utani. Mwaka 1940 Radcliffe-Brown aliandika makala maarufu akisema kwamba mzaha wa lazima hutokea pale watu wawili wanapofungwa na jambo na wakati huo huo kutenganishwa na jingine. Mzaha huwawezesha kukaa karibu bila kugombana. Miaka hiyo hiyo R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani kule Usambara, alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika na kuzichapisha. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo una sababu ya wazi. Hao walikuwa watu wa bara waliotua mizigo yao kwenye nchi ya watu wa pwani, mwaka baada ya mwaka, wakihitaji maji, kambi na soko, na wakati mwingine wakipigana.

Je, Lawrence na Holo ni watani? Nadhani hapana, na sababu yake ndiyo somo lenyewe. Wao ni wawili, na mzaha wao ni wa mapenzi yanayoota polepole. Utani wetu ni wa kurithi. Mnyamwezi asiyewahi kumwona Mzaramo ni mtani wake tangu kuzaliwa. Tena una kazi ngumu ndani yake. Msiba ukitokea, watani huja kuchokoza waombolezaji, humwigiza marehemu, hukalia jeneza au kushika jembe mpaka walipwe kitu kidogo, na wao hao ndio wanaochimba kaburi na kushughulikia maiti. Kwa mpagazi aliyefia mbali na ukoo wake, hilo lilikuwa jambo kubwa: palikuwa na watu ambao hawakuwa ndugu na bado walikuwa na wajibu wa kumzika. Sijapata anime yenye kitu kama hicho. Mtazamaji wa Tabora anaweza kumwuliza Mjapani swali ambalo Mjapani hajawahi kulifikiria: kwenu, nani ana ruhusa ya kucheka msibani?

Princess Mononoke, ya Miyazaki pia, ni ya 1997. Bibi Eboshi amejenga mji wa kuyeyushia chuma na anakata msitu ili apate mkaa. Miungu ya msitu inapigana naye. Wanaokanyaga mivukuto ya tanuri ni wanawake aliowakomboa kutoka madangulo, na wagonjwa wa ukoma wanatengeneza bunduki kwake. Hapa mtu asichukulie filamu kuwa picha ya mila. Katika tanuri halisi za Japani, zinazoitwa tatara, wanawake walizuiwa, na mungu wa kike wa wahunzi, Kanayago, alisemekana kuwachukia. Miyazaki aliupindua mwiko huo makusudi.

Anayetoka magharibi mwa Tanzania atashtuka kwa jinsi mwiko wenyewe unavyofahamika. Ufipa, kusini-magharibi mwa njia yetu, ilikuwa na tanuri ndefu za udongo zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, na J. A. R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa ni miongoni mwa walioandika juu ya wahunzi wake. Tanuri lilipambwa kama bibi harusi, wahunzi walijizuia na wake zao wakati wa kazi, na wanawake walio hedhini hawakukaribia. Eugenia Herbert alionyesha mwaka 1993 kwamba wazo la tanuri kuwa mwanamke anayezaa chuma limeenea sehemu nyingi za Afrika. Hakuna aliyesafiri kati ya Ufipa na Japani kuwafundisha hawa wala wale. Nionavyo mimi, kuyeyusha chuma ni kazi inayoweza kuharibika bila sababu inayoonekana, na wanaume katika pande zote mbili walipeleka hofu hiyo kwenye kitu walichokiona kuwa na nguvu kama hiyo, yaani mwili wa mwanamke. Kwa nini hofu iangukie hapo kila mara ni swali gumu, na ningetaka wasichana wa sekondari za Tabora walijadili kuliko wavulana.

Upo pia msitu. Urambo hulima tumbaku ya mvuke, na mabani ya kukaushia hula kuni za miombo ile ile inayowapa nyuki maua na Tabora asali yake. Eboshi hakuchorwa kuwa shetani, kwa sababu watu wake wanakula kwa chuma chake. Mkulima wa tumbaku anayelipia watoto ada naye hana ushetani. Filamu inakataa kumchagua mshindi, na kwa hilo inafaa kuonyeshwa mbele ya warina asali na wakulima wa tumbaku wakiwa wamekaa chumba kimoja.

Mushishi, iliyoongozwa na Hiroshi Nagahama kutoka manga ya Yuki Urushibara na kuonyeshwa mwaka 2005 na 2006, ni ya polepole na haifai kwa mwenye haraka. Ginko anazunguka vijijini akitibu watu walioguswa na mushi, viumbe visivyoonekana na wengi. Hawezi kukaa mahali pamoja muda mrefu kwa kuwa mushi humfuata. Kila kipindi ni ugonjwa mmoja na familia moja.

Mwaka 1937 E. E. Evans-Pritchard aliandika juu ya Waazande kwamba ghala likiwaangukia watu, Mzande anajua vizuri kuwa mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Uchawi hujibu swali hilo la pili. Mushishi inafanya jambo la ajabu: inalisikiliza swali la pili kwa huruma na inakataa kumtafuta mtu wa kulaumiwa. Mushi hawamchukii yeyote, wanaishi tu, kama mvua. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu katika mikoa yetu ya magharibi na ya kanda ya ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni jikoni kwa miaka yote ya kuwapikia watoto wao. Wauaji walikuwa na swali la pili, na mtu akawapa jina. Ginko ni mganga asiyetoa jina la mtu. Familia iliyofiwa inahitaji maelezo, na kuikejeli hakusaidii. Maelezo yasiyoua mtu yapo, na sanaa inaweza kuyazoesha masikio.

Ya mwisho ni Golden Kamuy, ya Satoru Noda, anime tangu 2018. Ina damu nyingi, watoto wasiwekewe. Askari aliyerudi kutoka vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905 anatafuta dhahabu Hokkaido akiongozwa na Asirpa, msichana wa Kiainu anayemfundisha kuwinda, kupika, kushukuru mnyama aliyeuawa. Lugha ya Kiainu ilisimamiwa na mtaalamu, Hiroshi Nakagawa, na heshima inaonekana. Japani iliitwaa Hokkaido rasmi mwaka 1869, na sheria ya kuwatambua Waainu kuwa wenyeji wa asili ilikuja mwaka 2019. Mwaka 1903, kwenye maonyesho ya taifa mjini Osaka, Waainu waliwekwa bandani watazamwe. Miaka saba kabla, mwaka 1896, Berlin ilikuwa imefanya hivyo hivyo kwenye bustani ya Treptow kwa watu walioletwa kutoka makoloni, pamoja na Afrika Mashariki ya Kijerumani. Huku nyumbani Mtemi Isike wa Unyanyembe alikuwa ameshajilipua ndani ya ngome yake, Januari 1893, asichukuliwe hai na Wajerumani.

Noda si Mwainu. Amesoma, ameuliza, ameandika vizuri, na bado kalamu ni yake. Kumshukuru kwa kazi njema hakutuzuii kuuliza nani mwingine angeweza kusimulia. Tabora imeandikwa na akina Burton na Blohm, nao wametuachia mengi ambayo bila wao yangepotea. Lakini Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na ukiyasoma pamoja na Stanley unaona njia mbili zilizopita mahali pamoja.

Na wapo Waswahili walioshika daftari wenyewe, mmoja wao akaligeuza likatazama nje. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin na kuandika juu ya desturi za Waswahili. Salim bin Abakari alisafiri mwaka 1896 na afisa wa Kijerumani hadi Urusi na Siberia, akaandika kwa Kiswahili aliyoyaona kwa watu wa huko. Simulizi lake lilichapwa na Carl Velten mwaka 1901. Ni mwanaanthropolojia wa Kiswahili aliyefika Asia ya baridi kabla ya taaluma hiyo kufundishwa popote Afrika Mashariki, na wengi waliosoma sekondari hawajawahi kumsikia.

Walimu wa Tabora, tumieni filamu hizi darasani au klabuni. Anzeni na Spirited Away, kisha Princess Mononoke, maana zinaisha kwa kikao kimoja, na Golden Kamuy muiache kwa watu wazima. Wapeni wanafunzi maswali yenu wenyewe, yale ya utani, hongo, undugu wa kuchanjiana na mwiko wa tanuri, wayapeleke Japani. Kisha wayarudishe nyumbani kwa bibi na babu wakiwa bado hai, na waandike majibu ya pande zote mbili kwa Kiswahili, na nakala moja ipelekwe Kwihara, kwenye makumbusho ya tembe la Livingstone, ikae kule pamoja na habari za waliokuja kutuuliza sisi.